Unamkimbia Nani?

Nyie mnaokwenda uwandani mwaka huu, wekeni hizo tableti chini kidogo mnisikilize. Nimestaafu ualimu, sina tena uwezo wa kumfelisha mtu, kwa hiyo leo mnaweza hata kunibishia.

Kila mwaka naletewa wanafunzi wa uzamili waliochagua somo letu hili la majeraha ya nafsi, yale ambayo mtu huachiwa na binadamu mwenzake, tena mara nyingi mtu wa nyumbani kwake. Wanaingia sebuleni kwangu na nyuso za matanga. Wanadhani kazi ya kusikiliza machungu lazima ifanywe na mtu mwenye uso mchungu. Nawapa chai, nawaambia wacheke. Mtu anayekueleza alivyotendewa hataki uanze kulia wewe, yeye abaki kukubembeleza. Anataka mtu aliyetulia na mwenye masikio. Mimi katika kazi hii nimecheka kuliko washereheshaji wa harusi, na sioni aibu kusema hivyo.

Nilianza miaka ya tisini, wakati Tunduma na Ileje bado ziko Mkoa wa Mbeya. Tulikuwa wawili tukisoma uzamili. Mimi ni mtoto wa Nanyala, pale barabara kuu inapopita, na nilikuwa mweupe kabisa wa mambo ya milimani. Mwenzangu alikuwa Zuberi, kijana wa Tanga, mpole, mtanashati, anayepiga pasi hata soksi. Msimamizi wetu alikuwa Profesa Tekla, mama mfupi mwenye sauti kubwa. Kazi yetu ilikuwa kujua kipigo na manyanyaso ya ndani ya nyumba humwachia mtu nini kichwani na moyoni.

Tulikuwa na hojaji iliyotungwa mbali, ikatafsiriwa, ikapigwa chapa. Ilikuwa na orodha ya dalili. Je, unakosa usingizi? Je, unashtuka upesi? Je, unakwepa watu, unajificha? Kila ndiyo ilikuwa na alama yake. Unajumlisha, halafu unajua mtu kaumia kiasi gani. Tuliipenda sana ile hojaji. Ilitufanya tujione madaktari.

Mimi nilipewa Tunduma, kwa akina mama wafanyabiashara wa pale mpakani. Kuna mmoja aliyekuwa akiuza vitenge, Mama Chanda, nusu maneno yake Kiswahili, nusu Kibemba. Nikifika namsalimu kwa Kibemba, "Mulishani," anafurahi, ananivutia gunia nikalie. Nikamuuliza kama anakosa usingizi.

"Mwanangu, Tunduma hii analala nani?" akasema. "Malori yanapiga honi mpaka jogoo anakata tamaa."

Nikaandika ndiyo. Nikamuuliza mwingine, ndiyo. Soko zima, ndiyo. Kama kuna anayeshtuka akisikia kishindo, wote wanashtuka, maana matela yakifunguliwa pale hata marehemu anageuka. Nilipojumlisha, Tunduma ilionekana imeumia kuliko nchi iliyotoka vitani. Nikapeleka kazi yangu kwa Profesa Tekla nikiwa na kiburi kidogo. Akafungua kurasa tatu nne, akavua miwani.

"Binti," akasema, "hawa wamepigwa na waume zao au na malori?"

Nilicheka mpaka nikasahau kuona haya. Nikarudi kuanza upya, na safari hiyo kila jibu nikaliandikia sababu yake pembeni.

Mengine ya kazi mtayajua wenyewe, lakini haya nawapa bure. Usikae ukimkabili mtu uso kwa uso kama hakimu. Kaa ubavuni kwake, wote mtazame upande mmoja. Ukikuta anapukuchua mahindi, pukuchua. Ukikuta anachambua kahawa, ingiza mkono, hata kama utamharibia. Atakufundisha, na mtu akishakufundisha kitu hakuogopi tena. Ukikaribishwa chakula, kula. Usiulize "unajisikiaje" kabla hujajua jina la mtoto wake. Na kinasa sauti kisikupumbaze. Zuberi aliwahi kumrekodi mama mmoja karibu na tundu la kuku. Kwa kuwa alikuwa mwaminifu kupita kiasi, alipoandika mazungumzo yale hakuacha hata pumzi. Kurasa nzima zilisomeka: mama anasema, kuku analia, mama anasema, kuku analia tena, kwa hasira. Profesa aliandika pembeni kwa kalamu nyekundu: "Kuku huyu ametoa ridhaa?"

Zuberi alikuwa amepelekwa Mbebe, juu milimani Ileje, kwenye mashamba ya maharage na viazi. Baada ya kumaliza Tunduma niliambiwa niongozane na Profesa kwenda kuona anaendeleaje. Tulipanda pikapu, na mlima uliposhinda pikapu tukatembea. Zuberi alitupokea njiani. Alikuwa anang'aa kama aliyeokota dhahabu ya Saza.

"Profesa, kijiji hiki kimeumia," alisema kabla hata ya shikamoo. Kisha akakumbuka. "Shikamoo."

"Marahaba. Kimeumiaje?"

Akaeleza. Alisema anaweza kuwa anazungumza vizuri na mama, wanacheka, mambo yanakwenda, mara mama anatupa kila alichoshika na kutimua mbio. Mwingine huinamisha kichwa, akajifunika uso, akageukia mgombani. Mmoja aliingia bandani kwa mbuzi. Baada ya muda wanarudi, wanajipangusa, wanaendelea na mazungumzo kama hakuna kilichotokea. Walikuwa hivyo wake za watu kijiji kizima, hasa wale vijana. Katika rasimu yake alikuwa amekwisha kuipa dalili ile jina, akaiita mkimbio wa ghafla, na alisema haijaandikwa popote duniani.

Profesa alisikiliza. Niliona tu kwamba midomo yake inahangaika.

Tulikuwa tunakaribia nyumba za kwanza. Mbele yetu, kwenye kona ya njia, tukasikia mtu akikohoa, kikohozi kirefu cha mtu asiye na kifua, anayetaka tu ijulikane kuwa anapita. Nilipogeuka kumwuliza Profesa kama tuendelee, hakuwepo. Mama wa watu, mwenye shahada ya udaktari na kiti katika baraza la chuo, alikuwa ameruka mtaro na kuchuchumaa katikati ya viazi, mkoba ameuweka kichwani.

Mzee akapita. Alikuwa mrefu, amevaa kofia ya sufu na koti la suti lililochakaa kwa heshima. Tukamwamkia, akaitikia, akaendelea zake huku akitazama upande wa pili wa njia, ambako hakukuwa na kitu cha kutazama. Zuberi alikuwa ameshika kalamu hewani.

Alipopotea, Profesa akatoka kwenye viazi. Tope lilikuwa limemfika magotini.

"Haya, niandike," akamwambia Zuberi. "Nina dalili ngapi?"

Ndipo tulipojua kwamba Profesa aliolewa kwenye milima hiyo hiyo. Yule alikuwa Mzee Kibona, mdogo wa marehemu baba mkwe wake, kwa hiyo naye ni baba mkwe wake. Huko juu, mke wa mtoto hakutani na baba mkwe. Hamtazami, hamsemeshi, hataji jina lake, na akimsikia anakuja anampisha, hata ikibidi kwa kuruka mtaro. Mzee naye ana wajibu wa kukohoa ili mkwe apate nafasi. Ni heshima ya pande mbili. Kwetu Nanyala mila hiyo ilikuwa imechoka. Mama yangu alijifunika kanga tu, basi. Huko juu wengi walikuwa wanaishika vilevile, na Jumapili wakiingia kanisani kila mmoja anajua mlango wake.

Maskini Zuberi! Ugunduzi wake ukafa palepale shambani. Alikaa kwenye jiwe, akatoa kifutio kwenye mfuko wa shati, akaanza kufuta zile ndiyo za kujificha, moja baada ya nyingine, machozi yakimlengalenga. Profesa akamnyang'anya kifutio.

"Usifute," alisema. "Jana ulidhani wote wana jeraha kwa sababu wanakimbia. Leo unataka kudhani hakuna mwenye jeraha kwa sababu kukimbia ni mila. Huo uvivu ni uleule, umebadilisha shati tu. Rudi kwa kila mmoja umwulize neno moja: unamkimbia nani?"

Wanangu, kama mtasahau yote niliyowaambia, hilo msisahau. Nimesoma vitabu vingi baada ya pale, na bado sijapata swali linalolizidi.

Tukarudi mimi na Zuberi, nyumba kwa nyumba. Lilikuwa zoezi la raha. Ukiuliza unamkimbia nani, wanawake wanacheka mpaka wanashika mbavu. "Baba mkwe!" wanasema. "Kwani huko kwenu mnamkimbia nani?" Wakasimuliana jinsi Zuberi alivyokuwa akiwafuata hadi mgombani na karatasi yake, anawauliza kwa huruma kama wako salama. Walikuwa wamempa jina, Mchungaji wa Migomba. Alilichukua kwa moyo mzuri.

Mmoja hakucheka. Anaitwa Sekela, alikuwa mke wa mtoto mkubwa wa yule yule Mzee Kibona. Mumewe alikuwa Saza, kwenye machimbo, akirudi nyumbani kwa nadra. Tulimkuta nyuma ya jiko anapukuchua maharage, nikakaa ubavuni kwake nikapukuchua. Zuberi akauliza swali letu.

"Shemeji," akasema.

Zuberi aliandika, halafu kalamu ikasimama. Hata yeye wa Tanga alijua. Shemeji ni mtu wa utani. Shemeji unamwita mume mdogo, unamnyima mboga, unamcheka akianguka. Hakuna mila, milimani wala pwani, inayomkimbiza mwanamke mbele ya shemeji yake.

Sekela alitueleza bila kuacha kupukuchua. Shemeji yake Ambakisye alikuwa akimpiga. Tangu kaka mtu aondoke alijifanya mwenye nyumba, na Sekela akikataa kumtii, hufunga mlango kwa nje. Tukamwuliza kama angependa kwenda kwa wazazi wake, tungemsindikiza. Akatushangaa.

"Niende niache maharage yangu?" alisema. "Hapa ndipo kwangu. Nataka kubaki na mtoto wangu, nilale bila kufungiwa. Aondoke yeye."

Ndilo alilotaka, na lilikuwa na mtu mmoja tu wa kulitimiza, naye ni Mzee Kibona. Mama mkwe alikuwa amefariki. Ambakisye hakumwogopa mtu mwingine kijijini. Na Mzee alikuwa hajui lolote, maana nyumba yake iko ng'ambo ya shamba, na mtu pekee ambaye angemwambia haruhusiwi kumtazama. Tulimwuliza Sekela kuhusu ofisi ya kata. Alisema akienda huko peke yake kabla ya Mzee kujua, ataonekana ameushtaki ukoo, na siku tukiondoka sisi atabaki na Ambakisye.

Siku hizi mna kamati za maadili, mna namba za simu za kumpa mtu, mna mshauri anayesubiri. Vizuri sana, tumieni vyote. Sisi tulikuwa na ahadi ya siri tuliyomsomea Sekela kwenye karatasi, na Zuberi akaikumbatia ile ahadi kama mtu anayezama. Akasema tumeapa, hatuwezi kusema kwa mtu. Profesa akamjibu kuwa siri ni ya Sekela. Si yetu kuitangaza, na si yetu kumfungia nayo. Tukamwuliza mwenyewe. Akafikiri mpaka bakuli likajaa.

"Nitasema," alisema. "Lakini nitafutieni wa kupeleka."

Kwao neno la mkwe kwa baba mkwe hupitia kwa mtu wa tatu. Profesa hafai, naye ni mkwe. Mimi Sekela alitaka nikae naye. Akabaki Zuberi. Mgeni njoo mwenyeji apone, walisema wahenga, ingawa nadhani hawakumfikiria mtu anayepiga pasi soksi.

Tukasubiri siku ambayo Ambakisye ameshuka mnadani. Mzee akaitwa, akaja, akakohoa, akapewa kigoda uani. Sisi tulikuwa nyuma ya ukuta wa jiko, ukuta wa matete ambao hata paka akipiga mwayo upande huu upande wa pili wanajua. Sekela, mimi, na Profesa Tekla aliyechuchumaa kando ya chungu cha maji, kitenge kichwani. Zuberi akasimama mlangoni, katikati, akipangusa jasho.

"Mwambie baba namsalimu," alisema Sekela.

"Mzee, anakusalimu."

"Mwambie naitika."

Zuberi akaugeukia ukuta. "Anaitika."

"Mwambie nina neno."

"Mzee, ana neno."

"Alete," alisema Mzee Kibona, macho yake kwa kuku waliokuwa wakichakura.

Profesa alikuwa ameuma kitenge asicheke, na mimi pia. Kisha Sekela akaanza, na hamu ya kucheka ikatuishia.

"Mwambie, Ambakisye ananipiga. Ananifungia mlango kwa nje. Wakati wa kuvuna alinipiga kwa mpini wa jembe, na mtoto anaona."

Zuberi akamgeukia Mzee. Yeye ambaye aliandika mpaka mlio wa kuku, siku ile alishindwa. Nadhani alimhurumia mzee, au aliona aibu kumtamkia baba mambo ya mwanawe mchana kweupe.

"Mzee," alisema, "anasema kuna kutoelewana kidogo. Kwamba shemeji yake anamsumbua."

Nilimwona Sekela akiinamisha kichwa, na kwa mara ya kwanza niliogopa kwamba tumemharibia kabisa.

"Kijana," alisema Mzee taratibu, "wewe umetoka Tanga kote huko kuja kutafuta maneno ya watu. Umepewa, mbona unayaangusha njiani? Mimi sijasikia kitu, nakusikia wewe tu. Lakini kuna kupiga hapo. Kuna mlango. Kuna mpini. Na mjukuu wangu yumo. Rudia."

Zuberi akarudia. Neno kwa neno, hakuruka hata moja. Mzee hakumkatiza. Alipomaliza, mzee aliweka mikono magotini, na alipozungumza sauti yake ilikuwa imezeeka.

"Muulize, kwa nini hakuniambia?"

Zuberi akauliza.

"Mwambie," alisema Sekela, "ningemwambiaje?"

Zuberi akageuka na kulisema lile neno, na hakuwa na haja ya kulisema kwa nguvu. Mimi nililia hapo, nawaambia ukweli. Profesa alinifinya.

"Muulize anataka nini."

"Kubaki. Aondoke yeye."

"Mwambie," alisema Mzee, naye akainuka kwenye kigoda, "Ambakisye halali tena kwenye ua huu. Leo analala kwangu, na kesho nampeleka ofisi ya kata, nikaseme mwenyewe alichofanya, nisimwachie mkwe wangu mzigo huo. Kisha atashuka Momba kwa mjomba wake akajifunze kulima juani. Na Saza naagiza mtu leo leo. Mume wake aje akae na mkewe."

Aliyatimiza yote. Kesho yake tulimwona akiteremka njia ya ofisini, kijana wake mbele, yeye nyuma, kama mtu anayepeleka dume mnadani. Mume wa Sekela naye alikuja, akiwa bado na vumbi la machimbo nyuma ya masikio.

Lakini hayo ni ya baadaye. Siku ile uani, Zuberi alipomaliza kuuambia ukuta habari za kata na Momba na Saza, sote tulidhani shauri limekwisha. Mzee hakuondoka. Alivua kofia yake. Akamwacha Zuberi pembeni, akaugeukia ukuta wa jiko, pale pale sauti ilikokuwa ikitokea, na hakukohoa.

"Sekela," akaita. "Nimesikia, mwanangu."

Sekela alinishika mkono mpaka nikaumia. Tangu aolewe alikuwa hajawahi kusikia jina lake kinywani mwa mzee yule. Zuberi, ambaye sasa alikuwa ameizoea kazi, akajigeuza haraka na kuuinamia ukuta.

"Mzee anasema ame..."

"Kaa chini, kijana," alisema Mzee Kibona. "Hilo nimemwambia mwenyewe."